Kosa la angani lisemwe lingali dogo

Msafiri anayetoka Kahama kwenda Rusumo hufika Lusahunga akiwa na vumbi mwilini na kiu kooni. Hapo, katika Wilaya ya Biharamulo, barabara itokayo Bukoba hukutana na barabara kuu iendayo Ngara na mpakani mwa Rwanda. Malori hupumzika. Madereva hushuka, hugonga magurudumu yao kwa chuma kusikiliza kama yana upepo wa kutosha, huagiza chai, na kabla chai haijapoa huwa wamekwisha kupeana habari za njia. Aliyetoka mpakani humwambia anayekwenda kwamba kuna ukungu mlimani, kwamba lori limelala kwenye kona, au kwamba mvua imekula ukingo wa barabara. Hakuna anayeona haya kukiri kwamba breki zake zilishika moto, au kwamba alisinzia akaamshwa na mlio wa changarawe. Habari hizo hazina karatasi wala muhuri, lakini hatuna shaka kwamba zimeokoa roho nyingi.

Leo tumeona yafaa kuwazungumzia watu wanaopita juu ya njia panda hiyo bila kushuka, yaani marubani wa ndege ndogo, na hasa wale wanaoruka kwa matembezi na burudani. Watu hawa nao hupatwa na mikasa ya kila siku kama madereva wa malori. Tofauti ni kwamba dereva ana Lusahunga, na rubani hana. Dereva husema kosa lake likingali moto. Rubani wa matembezi mara nyingi hulikunja kosa lake kama barua ya aibu akalitia mfukoni, na siku inayofuata mwenziwe hulirudia kosa lile lile mahali pale pale.

Huenda wasomaji wetu wa Bumbire, Goziba, Ikuza na Ukerewe wakauliza: mchezo wa watu wenye uwezo watuhusu nini sisi wavuvi na wakulima? Swali hilo ni la haki, na jibu lake ni fupi. Kila kilichopaa hakina budi kushuka, na kikishuka vibaya hakichagui kiwanja. Mnamo Januari 2025, ndege ndogo ya mafunzo ilianguka barabarani huko Malindi, nchini Kenya. Watu watatu waliokufa hawakuwa ndani ya ndege hiyo, bali walikuwa chini, kwenye shughuli zao. Mwezi Machi 2024, ndege ndogo aina ya Cessna iligongana angani na ndege ya abiria iliyokuwa imetoka Uwanja wa Wilson, Nairobi. Wawili waliokuwa ndani ya ile ndogo walikufa, na ile kubwa, yenye watu 44, ilifanikiwa kurudi ikatua salama. Hebu fikirini msiba ungekuwaje kama isingefanikiwa. Kwa hiyo jambo hili si la mwenye ndege peke yake.

MIKASA MIDOGO

Mtu asiyewahi kukaa na marubani hudhani kwamba ndege huangushwa na mambo makubwa tu, kama radi, dhoruba au injini kupasuka. Ukweli ni kwamba mambo mengi huanza kwa udogo wa kuchekesha. Rubani husahau kufunga kifuniko cha tangi, petroli ikanyonywa na upepo njia nzima. Mwingine huwasha injini akajaribu kuondoka na huku kamba ya mkia ingali imefungwa kwenye kigingi. Manyigu hujenga kiota cha udongo katika kijirija kidogo kinachopima mwendo, na ndege ikishapaa kipimo husema uongo. Mlango ambao haukufungwa vizuri hufunguka angani kwa kishindo. Mlango huo peke yake haungeiangusha ndege, ila rubani huhangaika nao hata akasahau kazi yake ya kwanza, ambayo ni kuiendesha ndege.

Kwenye viwanja vyetu vya nyasi mikasa ina sura za kwetu. Kichuguu kilichoota wiki iliyopita hugonga gurudumu la mbele. Mbuzi hukatiza njia wakati ule ule ambapo rubani hawezi tena kughairi kutua. Mvua ya usiku hugeuza mwisho wa njia kuwa tope, na ndege iliyotua vizuri ikaja kuinama kifudifudi wakati ambapo abiria wamekwisha kupiga makofi. Mafuta yaliyokaa kwenye pipa huingiwa na maji, na rubani asiyechuja wala kuchungulia kwanza hugundua hilo injini inapokohoa juu ya miti. Petroli ya ndege ndogo haipatikani katika kila kiwanja, hivyo mwenye haraka hujidanganya kwamba kiasi alicho nacho kitamfikisha.

Kila mkasa kati ya hiyo, ukisimuliwa jioni, huwachekesha watu. Lakini kila mmoja umewahi kuua mahali fulani duniani. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi twaongeza kwamba hata kuuziba ufa hakuwezekani iwapo aliyeuona ameamua kutundika pazia juu yake.

YALIYOPITA

Afrika ya Mashariki si ngeni katika habari hizi. Klabu ya ndege ya Afrika ya Mashariki iliasisiwa Nairobi mwaka 1927, na tangu enzi hizo walowezi wenye fedha walizifanya ndege ndogo kuwa farasi wao wapya. Tarehe 14 Mei 1931, Mwingereza Denys Finch Hatton alipaa kutoka Voi kwa ndege yake aina ya Gipsy Moth, ikaanguka muda mfupi baadaye na kuwaka moto. Alikufa yeye pamoja na mtumishi wake, ambaye wasimulizi wengi humtaja kwa neno moja tu na kuendelea. Sisi twamkumbusha msomaji juu ya mtumishi huyo kwa sababu maalumu: katika kila ndege ya matembezi huwa kuna mtu ambaye hakushauriwa kuhusu mafuta, uzito wala hali ya hewa, lakini huilipia hesabu hiyo kwa roho yake.

Kisa kinachotugusa zaidi ni cha mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway. Mwezi Januari 1954 yeye na mkewe, Mary, walikodi ndege ndogo ili watembee na kuona nchi. Ilikuwa zawadi ya Krismasi kwa mkewe. Walitoka Nairobi, wakatua Mwanza kutia mafuta, kisha wakaelekea Bukavu. Anayechora mstari ulionyooka kwenye ramani kutoka Mwanza hadi Bukavu ataona kwamba mstari huo unapita juu ya wilaya hizi hizi za Biharamulo na Ngara. Siku chache baadaye, walipokuwa wakizunguka karibu na maporomoko ya Murchison nchini Uganda, rubani wao alishuka chini kuwakwepa ndege wa porini, akagonga waya wa simu uliokwisha kuachwa siku nyingi. Ndege ikaanguka kichakani. Wote walipona, wakalala porini, na magazeti ya dunia yakatangaza kwamba mwandishi amekufa. Waliookoa wasafiri hao walikuwa watu wa chombo cha majini kilichopita mtoni. Wakapelekwa Butiaba, kwenye Ziwa Albert, wakapanda ndege nyingine, nayo ikashika moto ilipokuwa ikijaribu kupaa.

Wengi husimulia kisa hiki kwa ajili ya umaarufu wa mtu. Sisi twakitazama kwa ajili ya waya. Waya ule haukuwa siri. Yeyote aliyepita chini yake kwa miguu aliujua. Aliyepita juu kwa ndege ndiye ambaye hakuwa na habari, na hakukuwa na mahali ambapo wale wawili wangekutana ili mmoja ampe mwenziwe habari hiyo.

Miaka mitano baadaye, tarehe 10 Januari 1959, kijana Mjerumani Michael Grzimek alikufa Serengeti baada ya ndege yake ndogo, iliyopakwa rangi ya milia ya punda, kugongana na tai. Alikuwa na umri wa miaka 24. Yeye hakuwa akicheza, kwani pamoja na baba yake alikuwa akihesabu wanyama, na kaburi lake liko ukingoni mwa Ngorongoro. Tai hana habari kama rubani yuko kazini au matembezini. Anga lina sheria zake, na sheria hizo huwakamata wote kwa usawa.

ANGA LETU LA MAGHARIBI YA ZIWA

Yafaa tuseme wazi kwamba nchi yetu hii ina hila zake ambazo mgeni hawezi kuzijua kwa kutazama ramani peke yake.

Hila ya kwanza ni kimo. Ziwa lenyewe liko zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari, na nchi ya Biharamulo na Ngara huinuka kupita hapo. Rubani aliyezoea Dar es Salaam, Mafia au Unguja, ambako hewa ni nzito, akija huku mchana wa jua kali atashangaa ndege yake imekuwa goigoi. Kiwanja kilicho kwenye kimo cha meta 1,200, joto likifika nyuzi 28, hewa yake huwa nyepesi kama ya mahali palipo karibu meta 2,000. Injini hupungukiwa na nguvu, mabawa hupungukiwa na cha kuegemea, na njia iliyotosha jana asubuhi haitoshi leo alasiri.

Hila ya pili ni saa za mvua. Katika nchi kavu, mawingu makubwa hujikusanya alasiri, na ndiyo maana marubani wengi huamini kwamba asubuhi ni salama. Ufukwe wa Bukoba huenda kinyume. Usiku ardhi hupoa kuliko maji, upepo hutoka nchi kavu kuelekea ziwani, mawingu hupanda juu ya Ziwa, na pepo za mashariki huyasukuma yaje kuangukia upande wa magharibi kunapokucha. Wavuvi wa Goziba na Kerebe hawahitaji kufundishwa jambo hilo. Wanalijua kwa ngozi zao. Lakini mgeni aliyenywa chai Lusahunga chini ya anga safi aweza kufika ufukweni saa mbili baadaye akakuta ukuta mweusi.

Hila ya tatu ni maji yenyewe. Ziwa likitulia kama kioo, macho ya rubani hupoteza kipimo cha kimo, akadhani yuko juu kumbe magurudumu yanakaribia kulowa. Na ya nne ni nyaya na minara. Umeme wa maporomoko ya Rusumo, mradi wa megawati 80 unaozihusisha Tanzania, Rwanda na Burundi, husafirishwa kwa nyaya kubwa kutoka Rusumo hadi Nyakanazi. Minara ya simu nayo imeota juu ya vilima vingi. Haya ni maendeleo nasi twayafurahia. Hata hivyo, rubani anayeifuata barabara kwa kuruka chini chini, kama wapotevu wengi wafanyavyo wingu linaposhuka, ameandaliwa waya mpya kwa kila kilima.

UZITO NA UAMINIFU

Malori yanayopita kwenye barabara yetu kuu hupimwa uzito kwenye mizani, na dereva aliyezidisha hulipa faini. Twawaomba maofisa wa Serikali watafakari jambo moja: ndege ndogo ya binafsi inayopaa kutoka kwenye kiwanja cha nyasi hupimwa na nani? Hupimwa na uaminifu wa rubani peke yake. Ndege ya Cessna 172, ambayo ni ya kawaida sana katika shule na vilabu, ina viti vinne. Lakini watu wazima wanne na matangi yaliyojaa huivusha kipimo chake. Mwenye ndege hulijua hilo. Shemeji yake, rafiki yake na mkungu wa ndizi uliotolewa zawadi hawalijui, na ni vigumu kumwambia mgeni ashuke.

Watu wa visiwani hawahitaji kuhubiriwa juu ya kuzidisha uzito. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha Mv Nyerere kilipinduka karibu na Kisiwa cha Ukara kikiwa na watu wengi kupita kiasi chake, na zaidi ya watu 200 walikufa hatua chache kutoka gatini. Siku zilizotangulia chombo kilikuwa kimefika salama, na kila kufika salama kulikuwa kama hati ya kuruhusu kosa liendelee. Hivyo ndivyo makosa madogo yanavyokua. Hayakui kwa sababu watu ni wabaya. Hukua kwa sababu jana hayakuua mtu.

SOMO LA BUKOBA

Tarehe 6 Novemba 2022, muda mfupi kabla ya saa tatu asubuhi, ndege ya abiria aina ya ATR 42 iliyokuwa na watu 43 ilianguka Ziwani karibu na Uwanja wa Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Watu 19 walikufa, wakiwamo marubani wote wawili. Watu 24 waliokolewa. Hiyo haikuwa ndege ya matembezi, wala hatutaki kulinganisha msiba ule na mikasa ya vilabu. Twautaja kwa sababu ya nani aliyefika kwanza. Walifika wavuvi. Walifika na mitumbwi, makasia na kamba, bila vifaa vya kuzamia, wala hakuna aliyewahi kuwaonyesha mlango wa ndege unafunguliwaje. Taifa liliwashukuru, na kijana mmoja mvuvi akapewa nafasi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Shukrani hiyo ilikuwa ya haki kabisa.

Lakini shukrani si matayarisho. Kama ndege kubwa, iliyokuwa ikitazamwa kutoka uwanjani, iliokolewa kwanza na wavuvi, je, ndege ndogo yenye watu wawili ikianguka kati ya Bumbire na Rubondo saa kumi na moja jioni itaokolewa na nani? Itaokolewa na yule yule mvuvi, iwapo atakuwa ameiona, iwapo ana mafuta ya injini, na iwapo anajua ampigie nani simu. Katika mambo hayo matatu, hakuna hata moja linalofaa kuachiwa bahati.

NJIA YA KUSEMA

Sasa turudi kwenye hoja yetu ya Lusahunga. Nchi nyingine ziliona mapema kwamba rubani hulificha kosa lake kwa sababu anaogopa. Anaogopa leseni yake, anaogopa bima, na zaidi ya yote anaogopa kuchekwa. Marekani ilianzisha mwaka 1976 mpango ambao rubani huandika kosa lake na kulipeleka, si kwa wale wanaotoa adhabu, bali kwa shirika la mambo ya anga za juu, NASA. Huko jina huondolewa, na kilichobaki husomwa na kuchapishwa ili wengine wajifunze. Uingereza ilifuata mwaka 1982 kwa mpango wake. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga nazo zasema kwamba uchunguzi wa ajali ni wa kuzuia ajali nyingine, si wa kumtafuta wa kulaumiwa, na zataka kila nchi iwe na njia ya watu kutoa habari kwa hiari.

Swali letu kwa wahusika, basi, si kama njia hiyo imeandikwa mahali fulani. Twauliza kama inatembea. Je, rubani aliyekwepa waya karibu na Nyakanazi leo anajua pa kupeleka neno lake kesho, na ana imani kwamba hatageuziwa mashtaka? Je, mchungaji wa ng'ombe aliyeona ndege ikipita chini ya kiasi, au mwalimu wa kisiwani aliyeona kiwanja kimeota vichuguu, ana mahali pa kusema kwa Kiswahili akasikilizwa? Kanuni iliyofungiwa kabatini, hata iwe nzuri namna gani, haimfikii mtu wa Goziba.

Wako watakaosema kwamba njia rahisi ni kuipiga marufuku burudani hii. Sisi hatukubaliani nao. Huduma ya Madaktari Warukao ya Afrika ya Mashariki ilianzishwa mwaka 1957, na mmoja wa waasisi wake, Michael Wood, alikuwa daktari wa upasuaji aliyeendesha ndege mwenyewe. Mwaka 1994, watu wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, wananchi wa Ngara waliona jinsi ndege zilivyokuwa na manufaa katika kuwaleta watumishi wa misaada na dawa. Rubani wa huduma hazaliwi na leseni mkononi. Aghalabu huwa alianza kwa kuipenda kazi hiyo. Anayeua mapenzi hayo kwa marufuku atamtafuta rubani siku ya mgonjwa mahututi asimpate.

Wako pia watakaosema kwamba kumwachia mkosaji bila adhabu ni kulea uzembe. Hoja hiyo ina uzito, na hatutaki kuipuuza. Rubani aliyelewa, aliyeruka bila leseni, au aliyefanya michezo juu ya vichwa vya watu sokoni, huyo si wa kusamehewa. Amevunja sheria kwa kusudi. Tunayemtetea ni yule aliyesahau, aliyekadiria vibaya au aliyepotea, kisha akawa na moyo wa kusema. Ukimwadhibu huyo, umewafunga midomo wenzake mia.

TUNAYOYAOMBA

Kwanza, kila ndege ya binafsi iendayo visiwani au kwenye kiwanja cha kijiji isiondoke bila watu wa chini kujua itokako, iendako na saa ya kufika. Wale walioishi huku katika miaka ya ujambazi wa porini hawajasahau jinsi magari yalivyosubiriana yakaenda kwa msafara, yakisindikizwa na polisi. Ilikuwa kero, lakini kila gari lilihesabiwa lilipotoka na lilipofika. Rubani naye ahesabiwe. Mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa kisiwa akijua kwamba ndege itafika saa tisa, ikifika saa kumi hajaiona atajua kwamba ni wakati wa kuuliza.

Pili, vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe, maarufu kama BMU, vipatiwe mafunzo mafupi na vifaa vichache vya uokoaji: kamba, majaketi ya kuokolea, tochi ya maji, akiba ya mafuta iliyofungwa kwa kufuli, na namba moja ya simu iliyoandikwa kwa rangi ukutani. Watu wa uwanja wa ndege waje na picha, au bora zaidi waje na ndege yenyewe, wawaonyeshe wavuvi mlango hufunguliwa vipi, mafuta yako wapi, na mkanda hukatwaje. Mafunzo ya siku moja hayawezi kuwa gharama ya kuishinda Serikali.

Tatu, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, pamoja na vilabu na shule za marubani, wachapishe mara kwa mara, kwa Kiswahili chepesi, makosa madogo yaliyotokea, bila majina. Gazeti letu liko tayari kuyatolea nafasi. Redio za mikoa nazo hazitakosa dakika tano.

Nne, habari za wenyeji zikusanywe. Wavuvi waulizwe mawingu huja lini, wachungaji waulizwe nyaya na minara mipya iko wapi, na walimu waulizwe kiwanja hujaa maji mwezi gani. Yote hayo yaandikwe na kupewa mgeni kabla hajapaa.

Kwa marubani wenyewe tuna neno moja. Ndugu zetu, hatuwaonei wivu kwa kuliona Ziwa kutoka juu, na tukipewa nafasi nasi tungependa kuliona. Lakini kumbukeni kwamba kila mpitapo mmeyaweka maisha yenu mikononi mwa watu ambao hamwajui majina. Tueni siku moja, mkae nao, muwaulize habari za upepo, nanyi muwaambie siku ile mliyokosea. Mtachekwa kidogo. Dereva wa lori huchekwa kila siku pale Lusahunga, akamaliza chai yake, akakaza kofia ya gurudumu aliyoambiwa imelegea, na akaondoka.